Nuru Iliyopolarishwa na Utambuzi wa Mapema wa Saratani: Tunachoweza Kukiona Tukiwa Simiyu

Mgonjwa aliyenisukuma kuandika makala haya ni mkulima wa pamba kutoka Itilima, mwanamume mwenye ualbino, aliyekuja katika kliniki ya huduma mkoba mjini Bariadi akiwa na alama tatu katika ngozi yake. Moja ilikuwa shavuni, nyingine mgongoni mwa mkono wa kulia, na ya tatu kwenye ukingo wa juu wa sikio la kushoto. Iliyomsumbua moyoni ni ile ya shavuni, kwa kuwa ilikuwa kubwa, nyekundu na yenye magamba, na watu waliitazama kabla ya kumsalimu. Ile ya sikioni haikuzidi punje ya dengu. Alisema ni gamba tu lililoletwa na kofia kumsugua.

Kwa macho matupu ningeweza kukubaliana naye. Nilipozitazama alama hizo kwa dematoskopu yenye nuru iliyopolarishwa, mpangilio wa hatari ulipinduka. Ya shavuni ilikuwa keratosi ya jua, yaani badiliko la awali linalotibika kwa kugandishwa. Ya sikioni ilikuwa na vijiduara vyeupe na mishipa midogo ya damu iliyojipinda bila utaratibu. Tulichukua kinyama siku ileile, na majibu ya maabara yalithibitisha saratani ya seli bapa, ikiwa bado katika hatua ambayo upasuaji mdogo chini ya ganzi ya sehemu hutosha. Kama tungefuata ukubwa wa alama, au wasiwasi wa mgonjwa, tungetibu shavu na kumrudisha nyumbani na sikio lake.

Kifaa kilichobadilisha uamuzi huo hutoshea katika mfuko wa koti. Si eksirei, wala hakina mionzi ya kuunguza. Kazi yake yote ni kuchagua nuru ipi ifike katika jicho la mtazamaji na ipi izuiliwe. Ningependa kueleza jinsi uchaguzi huo unavyofanyika, kwa sababu kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumiwa na vifaa vikubwa zaidi vinavyofanyiwa utafiti duniani kwa ajili ya umio, kibofu cha mkojo na mlango wa kizazi, na viungo hivyo vinatuhusu sana sisi wa Kanda ya Ziwa.

Nuru ni wimbi. Mtoto aliyeshika ncha ya kamba iliyofungwa mtini anaweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia, au akaitikisa ovyo katika kila upande. Nuru ya jua na ya taa za kawaida hutikisika kwa namna hiyo ya tatu. Sasa tuchukulie kwamba kamba hiyo imepitishwa katikati ya fito mbili zilizosimama za uzio wa boma. Mtikisiko wa juu na chini utapita, na ule wa kushoto na kulia utagonga fito na kufa. Kichujio cha polarisheni hufanya kazi kama fito hizo: huruhusu mtikisiko wa mwelekeo mmoja tu. Nuru iliyopita hapo ndiyo tunayoiita nuru iliyopolarishwa. Ukiweka kichujio cha pili mbele yake, kikiwa kimegeuzwa kwa nyuzi 90, hakuna kitakachopita. Fito zilizolala zimekutana na wimbi lililosimama.

Jambo hili si geni katika sayansi. Mwaka 1808 mwanafizikia Mfaransa Étienne-Louis Malus aliyatazama kupitia kipande cha kioo asilia cha mawe madirisha ya kasri la Luxembourg, mjini Paris, yaliyokuwa yakiakisi jua. Alipokizungusha kipande kile, mng'ao wa madirisha ulififia na kurejea. Akatambua kwamba nuru iliyoakisiwa na uso laini huwa imepangika katika mwelekeo fulani. Wavuvi wa Busega wanaovaa miwani ya jua yenye vichujio vya aina hii wanaujua ukweli huo bila kitabu: mng'ao juu ya maji hutoweka, na kilicho chini ya maji huonekana.

Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe. Chukua miwani ya jua iliyoandikwa kuwa ni ya polarisheni, washa skrini ya kompyuta mpakato, kisha zungusha miwani taratibu mbele ya skrini. Skrini nyingi zitafifia hadi kuwa karibu nyeusi, halafu zitang'aa tena. Kama hakuna kinachobadilika katika mzunguko wote, huenda uliuziwa miwani isiyo na kichujio; nimeona nyingi za namna hiyo zikitembezwa kwenye vituo vya mabasi.

Tukirudi kwenye ngozi, tunakuta jambo linalofanana na ziwa. Taa inapomulika ngozi, sehemu ndogo ya nuru, takriban asilimia 4 hadi 7, huruka papo hapo kutoka juu ya uso wake kama inavyoruka kutoka kwenye kioo. Sehemu hii haikuingia ndani, kwa hiyo haina habari yoyote ya kilichomo ndani; lakini kwa kuwa imekusanyika, hung'aa na kulifunika jicho. Nuru iliyobaki huingia ndani ya ngozi, hugonga seli, nyuzi za kolajeni na mishipa ya damu, hutawanywa huku na huku mara nyingi, na baadhi yake hurudi nje. Iliyoruka juu ya uso bado inatikisika katika mwelekeo uleule iliokuja nao. Iliyozurura ndani imekwisha kupoteza mwelekeo huo kwa sababu ya kugongwa mara nyingi.

Hapo ndipo tofauti inapopatikana. Weka kichujio kimoja mbele ya taa, na kingine, kilichogeuzwa kwa nyuzi 90, mbele ya lenzi. Mng'ao wa juu utazuiliwa wote. Nuru iliyotoka ndani, kwa kuwa inatikisika ovyo, nusu yake itapita. Ghafla ngozi huonekana kana kwamba imefunuliwa: mishipa midogo, nyuzi za kolajeni, mipaka ya rangi. Daktari R. Rox Anderson wa Boston, Marekani, alieleza matumizi ya njia hii katika kuchunguza na kupiga picha za ngozi mwaka 1991, na miaka kumi hivi baadaye vifaa vya mkononi vilianza kuingia sokoni. Kabla ya hapo ilibidi kupaka mafuta au jeli juu ya ngozi na kukandamiza kioo ili kuondoa mng'ao. Kwa nuru iliyopolarishwa kifaa kinaweza kutumika bila kugusa ngozi, jambo ambalo kwa kidonda kinachovuja damu, na katika kliniki yenye wagonjwa 60 na chupa moja ya dawa ya kutakasia, si dogo hata kidogo.

Kwa nini naanza na ngozi, na kwa nini Simiyu? Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiwa na wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ni nchi ya pamba, mtama na mifugo. Kazi hufanyika nje, juani, mahali ambapo miti ya kivuli ni michache. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Tanzania ina mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400 hivi, kiwango kilicho juu sana kikilinganishwa na Ulaya au Marekani ya Kaskazini. Kwa walio wengi wao chanzo ni hitilafu katika jeni iitwayo OCA2, inayopunguza sana utengenezaji wa melanini, ile rangi inayomkinga mtu dhidi ya miale ya jua. Mtoto anayechunga ng'ombe Meatu bila kofia huanza kujeruhiwa ngozi tangu miaka yake ya kwanza. Hujeruhiwa tena mwaka unaofuata, na jeraha la jua halifutiki katika kumbukumbu ya seli.

Watu hawa katika kanda yetu wamepitia mengine ambayo hayahitaji kusimuliwa upya hapa. Nitasema tu kwamba hofu iliyopandwa na mashambulizi ya miaka iliyopita bado inawafanya baadhi yao wasafiri kwa shida na wachelewe kufika hospitalini. Anayefika akiwa na uvimbe wa ukubwa wa embe shingoni huenda alikuwa na gamba la ukubwa wa dengu miaka mitatu nyuma. Kwa hiyo swali la mtumishi wa afya aliye katika zahanati si swali la kitabuni. Mbele yake kuna mtu mwenye magamba kumi na mawili usoni na mikononi. Hawezi kuchukua vinyama kumi na viwili, wala hawezi kumpeleka kila mwenye gamba Bugando, Mwanza, kwa nauli ya familia isiyojua itakula nini wiki ijayo. Lipi kati ya yale kumi na mawili ndilo la kuanza nalo?

Katika nuru iliyopolarishwa, keratosi ya jua ya usoni mara nyingi huonyesha wekundu uliotandazwa kama wavu, na ndani ya wavu huo matundu ya vinyweleo yakiwa na weupe au umanjano. Huweza kuonekana pia nukta nne nyeupe zilizopangika kama jani lenye ncha nne. Hizi huonekana kwa nuru iliyopolarishwa pekee, lakini zisimtie mtu hofu zikiwa peke yake, maana hupatikana hata katika ngozi iliyopigwa jua bila saratani. Dalili zinazonifanya nishike kisu ni nyingine: vijiduara vyeupe kuzunguka vinyweleo, donge la keratini la rangi ya manjano katikati, mishipa ya damu yenye umbo la pini ya nywele au iliyojikunja bila mpangilio, na kidonda chenye damu iliyoganda. Mishipa inayofanana na matawi ya mti, minene kwenye shina na myembamba kwenye ncha, huelekeza kwenye saratani ya seli za msingi, ambayo husambaa mara chache sana ingawa hula nyama ya mahali ilipo. Na mahali penyewe pana uzito wake. Alama ya sikioni au mdomoni haipewi muda wa kungoja kama ile ya mkononi, hata zikifanana.

Hayo yote yanahusu njia ya kwanza, ile ya kuzuia nuru ya juu ili tuone ya ndani. Njia ya pili ni kinyume chake, na ndiyo inayowasisimua zaidi watafiti.

Saratani nyingi za watu wazima huanzia katika epithelia, yaani tabaka jembamba la seli linalofunika ngozi, mdomo, umio, utumbo, kibofu na mlango wa kizazi. Katika viungo vingi unene wa tabaka hili ni sehemu ya milimita tu. Kabla ya saratani kuvunja utando wa chini na kuingia ndani zaidi, hukaa humo kwa miezi au miaka ikiwa badiliko la awali. Kipindi hicho ndicho kinachotafutwa na kila mpango wa uchunguzi. Tatizo ni kwamba nuru inayorudi kutoka katika kiungo imetoka sehemu kubwa katika tabaka za chini, na ile kidogo iliyotoka katika epithelia humezwa nayo kama mnong'ono katika mnada wa ng'ombe.

Ili kuusikia mnong'ono huo, watafiti hupima nuru inayorudi mara mbili: kwanza kichujio cha pili kikiwa sambamba na cha kwanza, kisha kikiwa kimegeuzwa kwa nyuzi 90. Nuru iliyogonga seli ya juu mara moja tu na kurudi bado imeshika mwelekeo wake, kwa hiyo imo katika kipimo cha kwanza pekee. Nuru iliyozurura chini imegawanyika sawasawa katika vipimo vyote viwili. Toa kipimo cha pili kutoka katika cha kwanza, nayo ya chini itajifuta yenyewe. Kinachobaki ni habari za tabaka la juu. Ni hesabu ya kutoa ya darasa la pili, ila inafanywa juu ya nuru.

Habari hizo zinasema nini? Zinataja ukubwa wa viini vya seli. Kiini cha kawaida katika epithelia kina kipenyo cha takriban maikromita 5 hadi 10, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Seli inapoanza kuelekea kwenye saratani, kiini chake huvimba na huweza kufikia maikromita 20, kikajaza karibu seli yote. Mtaalamu wa patholojia hulijua hilo, kwani ndilo analolitazama katika hadubini baada ya kinyama kukatwa na kupakwa rangi. Jambo jipya ni kwamba nuru yenyewe hubeba alama ya ukubwa huo. Aliyekulia Usukumani anaweza kuitambua ngoma kubwa na ndogo akiwa amefumba macho, kwa sababu ukubwa wa ngoma uko ndani ya sauti yake. Vivyo hivyo chembe ya ukubwa fulani hutawanya rangi mbalimbali za nuru kwa mdundo wake: rangi fulani kwa wingi, nyingine kwa uchache, kisha nyingine kwa wingi tena. Mdundo ukipimwa, ukubwa wa kiini hukokotolewa bila kukata chochote.

Kundi la Michael Feld katika chuo cha MIT, Marekani, wakiwamo Vadim Backman na Lev Perelman, lilieleza upimaji wa aina hii mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2000 likachapisha katika jarida la Nature matokeo ya kutambua mabadiliko ya awali katika viungo vinne: utumbo mpana, umio, kinywa na kibofu cha mkojo. Mwaka 2010 kundi la Perelman, likiwa Boston, lilieleza katika Nature Medicine kifaa chembamba kinachopitishwa ndani ya endoskopu na kuuchunguza umio kwa kuzunguka ndani yake kwa nuru iliyopolarishwa, kikimwonyesha daktari mahali pa kuchukua kinyama. Hapo awali daktari huchukua vinyama kwa kubahatisha kila baada ya sentimita kadhaa, akiomba Mungu kwamba sindano isiikose punje iliyo kwenye ghala.

Ni lazima nitie tahadhari kwa wenzangu wa Afrika Mashariki. Umio uliochunguzwa Boston ulikuwa na badiliko liitwalo Barrett, linalotokana na asidi ya tumbo kupanda juu kwa miaka mingi. Saratani ya umio tunayoiona sisi, na iliyo nyingi kuanzia Kenya hadi Malawi, kwa kawaida ni ya seli bapa, aina tofauti yenye mwanzo tofauti. Kanuni ya kiini kilichovimba ni ileile. Hata hivyo, kifaa kilichofunzwa kwa ugonjwa wa watu wengine hakipaswi kuletwa kwetu na kutumiwa juu ya wagonjwa wetu kabla hakijapimwa kwa ugonjwa wetu. Nimewahi kuona mashine za gharama kubwa zikiwa zimefunikwa kitambaa pembeni mwa chumba kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo mapema.

Kibofu kinatuhusu kuliko umio. Katika vijiji vya Maswa na Itilima watu huchota maji na kuoga katika malambo na madimbwi ya msimu ambamo konokono wabebao kichocho cha mkojo huishi. Busega, kando ya ziwa, kichocho kilichozoeleka ni cha utumbo. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kichocho cha mkojo katika kundi la visababishi vya uhakika vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2013 wenzetu wa Mwanza walichapisha mapitio ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu waliothibitishwa katika hospitali ya Bugando: zaidi ya nusu walikuwa na saratani ya seli bapa, aina inayofungamana na kichocho, na karibu asilimia 45 walikutwa na mayai ya kichocho katika vinyama vyao. Tena wanawake walikuwa wengi kidogo kuliko wanaume, kinyume cha nchi za viwanda ambako ugonjwa huu ni wa wanaume wavutao sigara.

Je, nuru iliyopolarishwa ingeweza kusaidia hapa? Nadhani ingeweza, kwa sharti moja gumu. Kibofu chenye kichocho cha miaka mingi huwa na mabaka kama mchanga, nayo ni mayai yaliyogeuka chokaa chini ya utando. Mayai hayo nayo hutawanya nuru, na uvimbe wa muda mrefu huongeza viini vya seli hata pasipo saratani. Yeyote atakayetaka kukileta kifaa cha namna hiyo Kanda ya Ziwa atalazimika kukifunza kwanza kutofautisha mchanga na hatari. Huo ungekuwa utafiti wa kufanyika Mwanza na Simiyu, kwa sababu Boston hakuna vibofu vya namna hiyo. Kwa sasa, mwenye damu katika mkojo apewe kipimo cha kichocho na prazikwanteli. Na kama damu inaendelea baada ya matibabu, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 35, asiendelee kupewa dozi ileile mara ya tatu na ya nne. Apelekwe akapigiwe ultrasaundi na kutazamwa kibofu.

Kwa mlango wa kizazi habari ni za matumaini zaidi. Uchunguzi wetu wa kawaida ni wa kupaka siki, yaani asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, kungoja kidogo, kisha kutazama kama pametokea weupe. Muuguzi yeyote aliyewahi kuufanya anajua kero yake: mlango wa kizazi ni wenye unyevu, tochi inaakisi, na mng'ao mweupe wa ute huweza kudhaniwa kuwa weupe wa ugonjwa, au kuufunika ule wa kweli. Vichujio viwili vilivyokingamana huondoa sehemu kubwa ya mng'ao huo, sawasawa na kwenye ngozi. Katika mkoa wa Kilimanjaro watafiti walionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, kwamba watumishi wanaweza kupiga picha ya mlango wa kizazi kwa simu janja na kumshauri mtaalamu aliye mbali. Kwa maoni yangu, kuongeza vichujio katika simu hizo ni hatua ndogo yenye faida kubwa kuliko kungoja mashine kubwa. Ng'ambo, watafiti wa École Polytechnique karibu na Paris wamekwenda mbali zaidi: hupima jinsi nyuzi za kolajeni za mlango wa kizazi zinavyogeuza mwelekeo wa nuru. Katika mlango wenye afya nyuzi hizo zimepangika kama msuko wa ukili. Palipo na badiliko la awali mpangilio huo hupotea, na kamera huona upotevu huo.

Hata hivyo mama asingoje kamera. Uchunguzi wa siki hutolewa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50, na mapema zaidi kwa wanaoishi na VVU. Chanjo ya HPV imekuwa ikitolewa nchini kote tangu mwaka 2018 kwa wasichana.

Wagonjwa huniuliza mara kwa mara maswali matatu. La kwanza: "Daktari, taa hiyo haiunguzi?" Haiunguzi. Ni nuru ya kawaida ya taa ndogo, dhaifu mara nyingi kuliko jua lililokuwa likikupiga njiani ulipokuwa ukija. La pili: je, ikiniona sina kitu, nimepona? La, maana yake ni kwamba leo hakuna dalili katika alama zilizotazamwa, nawe unapaswa kurudi. La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na ndugu aliyemsindikiza mgonjwa: kama mashine imeona saratani, ya nini tena kukata kinyama? Kwa sababu kifaa hakitoi jina la ugonjwa. Kinaonyesha mahali pa kutafuta. Jina hutolewa na hadubini ya mtaalamu wa patholojia, na tiba hufuata jina hilo.

Kwa mtumishi aliye katika kituo cha afya kisicho na dematoskopu, niseme hivi. Kidonda au gamba lisilopona kwa wiki 4 kwa mtu mwenye ualbino ni saratani hadi ithibitishwe vinginevyo. Usipake dawa ya fangasi kwa miezi mitatu ukisubiri. Katika barua ya rufaa andika mahali alama ilipo, upana wake kwa milimita, tarehe mgonjwa alipoiona mara ya kwanza, kama inatoa damu inapoguswa, na kama kuna tezi zilizovimba shingoni. Gusa shingo kweli. Usiandike tu kwamba hakuna. Na kama una simu yenye kamera nzuri, piga picha mbili, moja ya mbali na moja ya karibu, kivulini, kwa ridhaa ya mgonjwa. Mpe pia kofia yenye ukingo mpana kama ipo, na mafuta ya kukinga jua. Yale ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, yamewafikia wengi kupitia kliniki za huduma mkoba.

Yule mkulima wa Itilima alipangiwa kurudi baada ya miezi mitatu. Alitazama kadi, akahesabu kwa vidole, akasema tarehe hiyo itaangukia katikati ya uvunaji wa pamba na hatakuja. Tulisogeza tarehe mbele kwa wiki mbili, ifike kabla ya mavuno kuanza, naye akaja akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka 6, mwenye ualbino kama yeye. Sikio lilikuwa limepona vizuri. Nilimpa binti dematoskopu autazame mkono wa baba yake kwanza, kisha nikautazama wa kwake. Hakukuwa na kitu ila madoa machache ya jua, nasi tukaziandika tarehe zao katika mstari mmoja.